Sala Iliyokosea Njia

Kosa la Domina lilikuwa amina moja tu, tena aliitamka kwa sauti ndogo.

Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwenye ibada ya Kiswahili kule Skärholmen, pembeni mwa Stockholm. Mchungaji Onésime aliuliza swali lake la kila mwanzo wa mwezi: nani ana safari? Wenye safari husimama, wanaombewa, wanakaa. Domina hakuwa na nia ya kusimama. Aliyemchokoza ni rafiki yake Wamuyu, dereva wa basi, mtu wa Nyeri ambaye hajawahi kujifunza kunong'ona.

"Si usimame? Si unasafiri Januari? Ama unaogopa kuombewa?"

Safu tatu za mbele ziligeuka kumtazama. Domina akasimama.

Mchungaji Onésime ni Mkongo wa Bukavu, na akishafumba macho huwa hafumbui mpaka amalize. "Bwana, umwangalie mama yetu Domina," alianza. "Umufikishe salama nyumbani kwao. Awakute ndugu zake wazima, nao wamupokee na furaha." Domina akafumbua jicho moja. Nyumbani? Nani kamwambia ni nyumbani? Lakini sala haikatizwi. Huwezi kumwambia mtu aliyenyanyua mikono juu, samahani mchungaji, umekosea uwanja wa ndege. Akaamua asubiri afike mwisho ndipo aseme. Mwisho ulipofika ukumbi mzima ukaitikia amina, na Domina, kwa mazoea ya miaka sitini na miwili, akaitikia pamoja nao.

Na tusimlaumu mchungaji. Mtanzania wa Stockholm mwenye likizo ya wiki nne mwezi wa Januari anakwenda wapi kama siyo kwao? Anakwenda na masanduku mawili, kilo ishirini na tatu kila moja, na humo ndani vitu vyake mwenyewe ni gauni mbili na mswaki. Vilivyobaki ni vya watu. Domina alishasafiri hivyo mara kumi na moja.

Safari hii alikuwa anakwenda Barbados. Angepanda ndege Arlanda mpaka London, basi mpaka bandari ya Southampton, na hapo angeingia kwenye meli nyeupe ya ghorofa nyingi na kuvuka nayo Atlantiki mpaka Bridgetown, halafu angerudi kwa ndege. Hakuwa na ndugu Barbados. Hakuwa na mkutano wala harusi wala msiba. Tiketi ilikuwa kwenye droo ya jikoni, chini ya vitambaa vya meza, na waliokuwa wanajua ni Wamuyu na Tania, binti wa Domina mwenyewe, peke yao.

Ili uielewe hiyo tiketi, lazima ujue Domina alifanya kazi gani alipofika Sweden. Kabla ya kusomea kutunza wazee, kabla ya kuajiriwa kwenye nyumba ya wazee ya Farsta, alikuwa anasafisha meli. Ni zile meli kubwa za abiria zinazokwenda Finland jioni na kurudi asubuhi. Meli ikishafunga gati, abiria wanashuka na vichwa vinawagonga kwa pombe ya usiku, na kina Domina wanapanda na matoroli ya mashuka. Dakika tisa kwa chumba. Vunja kitanda, tandika kitanda, choo, kioo, kapu la taka, toka. Ikikaribia jioni honi inalia, wasafishaji wanashuka mbio, meli inaondoka. "Ukibaki utaamkia Finland," msimamizi wao Josefin alikuwa anawaambia, na wote wanacheka. Miaka kumi na miwili Domina alipanda meli karibu kila siku, na hakuwahi kuisikia ikitembea hata hatua moja.

Kuna siku alikuta jarida limetupwa kwenye kapu la chumba cha ghorofa ya saba. Ukurasa mmoja ulikuwa na ramani. Nukta nyekundu zilitoka Southampton, zikakata bahari tupu, zikaishia kwenye kisiwa kidogo. Pembeni walikuwa wameandika safari siku moja moja. Siku ya tano, baharini. Siku ya sita, baharini. Siku ya saba, baharini. Domina alizisoma taratibu, kama mwenye njaa anavyosoma orodha ya vyakula. Siku zote hizo hakuna mtu anayeweza kukugongea mlango na bahasha ya mchango mkononi. Aliuchana ukurasa, akaukunja mara nne, akautia kwenye sidiria.

Mara mbili baada ya hapo alipanga kwenda akashindwa. Likizo ya kwanza ililiwa na harusi ya mpwa wake, na ndoa yenyewe haikumaliza mwaka. Ya pili alikwenda kumuuguza mama yake kule Njombe, na hiyo hakuijutia hata siku moja. Sasa goti lake la kushoto lilikuwa limepangiwa upasuaji mwezi wa Machi, na daktari alimwambia kupona kutachukua muda mrefu, na baada ya hapo ni kustaafu, na baada ya kustaafu nani ajuaye. Aliliweka jambo hili wazi kichwani mwake. Safari ikishindikana Januari hii, basi imeshindikana moja kwa moja.

Ndiyo maana ile amina ilikuwa na hatari.

Kabla kahawa ya baada ya ibada haijapoa, Gitonga alishamshika mkono. Gitonga ni fundi umeme wa Skärholmen, mpole, mwenye watoto wanne na binamu wasiohesabika.

"Dada Domina, wewe utashukia Nairobi, siyo? Niko na kamzigo kadogo tu. Binamu yangu atakungoja pale nje."

Kamzigo kalikuwa pakiti nane za kahawa. Kahawa iliyolimwa Kenya, ikaletwa Sweden kukaangwa, sasa inarudishwa Kenya kwa mkono wa Domina. Mwingine akaleta viatu vya kiume namba arobaini na sita. Mwingine miwani mitatu. Mwingine dawa za presha za shangazi yake wa Makambako, zikiwa zimezungushiwa utepe wa gundi utadhani ni dhahabu.

Kwa nini hakusema? Alijaribu. Alifungua mdomo pale pale kwenye kahawa. Lakini akisema anakwenda Barbados ataulizwa anakwenda kumwona nani, na jibu lenyewe lilikuwa hakuna, na hilo hakuna lilimkwama kooni. Aliona aibu, tuliseme lilivyo. Mtu mzima, mjane, mama wa mtu, kuvuka bahari ili akalale! Basi akapokea, akashukuru, na akabeba mifuko miwili mpaka kwake Jordbro.

Kufika mwisho wa Novemba korido ya nyumba yake ilikuwa haipitiki. Na juu ya yote kulikuwa na mzigo wa Mama Flaviana. Huyu ni muuguzi mstaafu, Mchaga wa Marangu, wa miaka sabini na minne, anayeishi Farsta karibu na kituo cha treni. Domina alipofika nchi hii na sweta moja, Flaviana ndiye aliyempeleka dukani kutafuta koti na kumfundisha kwamba soksi huvaliwa jozi mbili. Mtu kama huyo humkatalii. Alileta kile kigari cha magurudumu manne ambacho wazee hushikilia wanapotembea, kipya kabisa, chenye breki na kikapu na kikalio cha kupumzikia, kwa ajili ya dada yake aliyeko Marangu.

"Kinakunjika," alisema Flaviana, kana kwamba hilo linamaliza kila kitu.

Tania alipokuja kumtembelea mama yake ilibidi aruke viatu vya watu na kukiinamia hicho kigari. Tania kazaliwa huku huku Sweden, Huddinge. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, halafu anakujibu kwa Kiswidi.

"Säg nej, mamma," alisema. "Säg bara nej."

Sema hapana. Sema tu hapana. Kwa Kiswidi inaonekana jambo dogo sana.

"Wewe hujui," Domina akamjibu, na akaenda kuchemsha chai.

Jumamosi, siku moja kabla ya Jumapili ya kwanza ya Desemba, simu ikalia mchana. Ilikuwa ni Thomas, mdogo wake, kutoka Njombe, na sauti yake ilikuwa imejaa furaha.

"Dada, umetuficha! Ulitaka kutushtukiza?"

"Kuwashtukiza nini?"

"Si unakuja Januari! Kuna mama wa Makambako kanipigia, anaulizia dawa zake za presha utafika nazo lini. Nikajua mambo yameiva. Sasa sikiliza. Kaburi la mama limeshajengwa, msalaba umeshachongwa, tulikuwa tunasubiri tu nafasi. Tumepanga kuusimika tarehe kumi na saba Januari. Mchungaji kakubali, turubai tumekodi, shangazi wa Mbeya wameambiwa. Wewe ndiye mkubwa wetu, utaushika msalaba upande wa kichwani."

Domina alikaa juu ya kikalio cha kigari cha Mama Flaviana, maana hapakuwa na pengine pa kukaa.

"Haya," alisema.

Ndiyo. Alisema haya. Usimcheke, wewe ungesema nini?

Simu ilipokatika akashusha masanduku mawili kutoka juu ya kabati, akaanza kupanga. Kama ni kwenda, basi aende. Kahawa chini, viatu pembeni, miwani katikati ya taulo, dawa zisibanwe. Mikono yake ilijua kazi hiyo. Sanduku la kwanza likajaa, la pili likajaa, akalikalia ndipo zipu ikafunga. Kisha akaingia chumbani akachukua gauni mbili na mswaki, akarudi navyo koridoni, akasimama mbele ya masanduku.

Hapakuwa na nafasi. Alifungua zipu ya pembeni ambako kwa kawaida hutia mswaki wake, akakuta kwa mikono yake mwenyewe alishatia vitamini za mtu. Hasira ilimpanda kutoka miguuni, na haikuwa ya kumchukia Gitonga wala Thomas wala mtu yeyote mwingine. Alijikasirikia mwenyewe. Akafungua zipu zote mbili, akatoa kila kitu, mpaka masanduku yakabaki matupu. Halafu akampigia Thomas.

"Thomas, Januari siji."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Kazini wamekunyima ruhusa?"

"Wamenipa. Nakwenda kwenye meli."

"Umerudi kwenye kazi ya meli? Kwa umri huo, dada, na goti hilo?"

"Siyo kazi. Nakwenda kukaa. Kukaa, kula na kulala, wiki mbili. Meli inakwenda Barbados."

Thomas alilirudia jina hilo, Barbados, polepole.

"Yaani unauacha msalaba wa mama," hatimaye alisema, "ukakae kwenye meli."

Neno hilo lilimuuma, na Thomas alijua litamuuma. Domina alishika ukingo wa meza.

"Mama nilimuogesha kwa wiki saba, Thomas. Nilimlisha uji kwa kijiko. Nilimfumba macho kwa mkono huu nilioshikia simu. Sina deni na mama. Msalaba mtauweka ninyi, nanyi ni watoto wake vilevile. Mimi nitakuja Julai, nitaukuta umesimama, nitakaa nao siku nzima."

"Na watu watasema nini?"

"Watasema. Wa huko waambie wewe. Wa huku nitawaambia mimi."

Thomas alikata simu bila kuaga, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia dada yake tangu amjue. Domina alilia kidogo. Kisha alinawa uso, akatafuta kamba, akaanza kufunga mizigo ya watu juu ya kigari.

Asubuhi Wamuyu alipiga simu.

"Mama Tania, nimesikia kutoka kwa Tania unarudisha vitu. Nikuletee gari?"

"Hapana. Navisukuma mwenyewe."

"Na hiyo theluji? Na hilo goti? Wacha ugumu, bwana!"

"Wamuyu, ni wewe ulinisimamisha. Leo nitasimama mwenyewe."

Basi ndivyo alivyotoka Jordbro, koti limefungwa mpaka kidevuni, anasukuma kigari chenye mlima wa mifuko. Changarawe zilizomwagwa kwenye barafu ili watu wasiteleze ziliingia kwenye magurudumu na ilibidi asimame mara nne kuzichomoa kwa ufunguo. Kwenye treni ya kuingia mjini watu walimpisha. Mama mmoja wa Kiswidi alinyanyuka na kumpa kiti, akidhani kigari ni chake, na Domina hakuwa na muda wa kumweleza. Akabadilisha treni T-Centralen, kituo cha katikati ya mji, akashuka na lifti iliyokuwa inanuka mkojo, akapanda treni ya njia nyekundu. Njiani aligundua jambo ambalo hakulitegemea. Akikiegemea kigari, goti halikuwa linauma.

Alifika ibada imeshaanza. Aliegesha mlima wake karibu na mlango, akakaa nyuma, akangoja.

"Wenye safari!" mchungaji Onésime aliita, na kwa kuwa ilikuwa Desemba walisimama wengi. Domina naye akasimama.

"Maman Domina," mchungaji alisema akitabasamu, "wewe tulishakuombea."

"Ndiyo, mchungaji. Naomba niombewe upya. Ile sala ya kwanza ilikosea njia."

Watu wakacheka. Domina hakucheka, na wao wakaacha.

"Mimi siendi nyumbani," alisema. "Nakwenda Uingereza, kwenye bandari inaitwa Southampton. Hapo napanda meli mpaka Barbados."

"Barbados kuna nini?" sauti ya mwanamume iliuliza kutoka katikati.

"Sijui. Sijawahi kufika."

"Kuna ndugu yako?"

"Hakuna mtu."

Lilikuwa limetoka, lile hakuna, na ukumbi haukuanguka. Domina akapata nguvu.

"Nimetandika vitanda vya meli miaka kumi na miwili, hapa hapa Stockholm. Nataka nilale kwenye kimoja kikiwa kinatembea. Ndiyo hilo tu, sina sababu nyingine kubwa ya kuwapa. Mwezi uliopita mchungaji aliniombea nifike kwetu, nami nikaitikia amina. Hapo nilidanganya, na nikanyamaza mkaniletea mizigo. Nawaomba radhi. Mizigo yote iko pale mlangoni, kila mmoja una jina. Sijafungua hata mmoja."

Mchungaji Onésime alijikuna kipaji cha uso. Alikuwa ameombea wagonjwa, wanaokwenda kutafuta hati za kuishi, wanaokwenda kuzika. Mtu anayekwenda kupumzika hakuwa ameombewa hata mara moja pale mbele.

"Bon," alisema, na akafumba macho. "Bwana, unamuona huyu mama. Anaenda... Bwana, anaenda kupumzika. Ile meli uishike na mikono yako. Umupe usingizi. Umupe chakula ambacho hakupika. Na kule Barbados, Bwana, mutu yeyote asimutume."

"Amina!" alisema Domina, na safari hii alisikika mpaka nje.

Baada ya ibada watu walikuja mlangoni mmoja mmoja. Mwenye viatu alichukua viatu vyake bila kusalimia, na mpaka leo humsalimia kwa kichwa tu. Mwenye dawa alisema Flaviana anamjua muuguzi anayekwenda Iringa Krismasi, atampa huyo. Gitonga alikumbatia kahawa yake, akasitasita.

"Na hiyo meli, dada, haipiti karibu na Mombasa hata kidogo?"

"Haipiti, Gitonga."

"Nilikuwa nauliza tu."

Mwisho kilibaki kigari, na Mama Flaviana, aliyekuwa amekaa kwenye kiti muda wote akivaa glavu zake taratibu. Huyu ndiye ambaye Domina alimwogopa kuliko wote.

"Umekisukuma kutoka Jordbro?" Flaviana aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Nimekupa mizigo mara ngapi, tangu tujuane?"

"Kila nilipokwenda. Mara kumi na moja."

"Kumi na moja." Flaviana alimaliza glavu ya kwanza, akaanza ya pili. "Na sikukuuliza hata mara moja nguo zako unaweka wapi."

Kwa kuwa alishalia jana, Domina alidhani machozi yamekwisha, kumbe hayajakwisha.

"Nimekuona ulivyoingia," Flaviana aliendelea. "Nimetazama magoti ya watu miaka arobaini. Hilo lako halikufikishi Machi bila kitu cha kuegemea. Chukua. Kinakunjika."

"Na dada yako?"

"Dada yangu ana wajukuu sita wa kumshika mkono. Nitamtafutia kingine Pasaka. Wewe melini utamshika nani?"

Domina alikataa mara mbili, kama ilivyo adabu. Mara ya tatu alishika mipini.

Thomas hakupiga simu mwezi mzima, wala hakujibu salamu za Krismasi. Domina alimsubiri na hakumwomba. Sanduku alilipakia polepole, moja tu, na siku ya kwanza alipata shida ya ajabu, kwa sababu hakujua aweke nini. Aliweka gauni mbili na mswaki, akatazama nafasi iliyobaki. Wamuyu ndiye aliyekuja kumwokoa, akaongeza vazi la kuogelea la rangi ya chungwa ambalo Domina aliapa hatalivaa.

Jioni ya tarehe sita Januari, simu.

"Hiyo meli," alisema Thomas, bila habari za saa hizi wala nini, "ina vyuma vya kuzuia pembeni?"

"Inavyo."

"Usivisogelee."

"Sitavisogelea, Thomas."

"Msalaba ni tarehe kumi na saba, saa nne asubuhi. Hatukuahirisha. Kama kutakuwa na mtandao..."

"Nitakuwa katikati ya bahari. Hautakuwepo."

Alimsikia mdogo wake akivuta pumzi.

"Basi upande wako wa kichwani nitaushika mimi," alisema Thomas. "Niletee picha ya huko."

Tarehe tisa mvua ilikuwa inanyesha Southampton, mvua nyembamba ya kuudhi. Domina alipanda daraja la abiria akisukuma kigari, sanduku likiwa limetangulia. Chumba kilikuwa ghorofa ya nane, kidogo, na dirisha la kutazama nje. Jambo la kwanza alilofanya ni kutazama kitanda. Kona ya shuka upande wa ukutani ilikuwa imekunjwa kwa haraka. Aliona hapo hapo kwamba aliyetandika alikuwa amechoka. Mikono ikamtangulia, akainama, akaanza kuinyoosha ile kona, na ilimchukua muda kukumbuka kwamba hapa hakuajiriwa.

Akajinyoosha. Kisha, kwa makusudi mazima, alijitupa juu ya kitanda na viatu vyake, akajigeuza huku, akajigeuza kule, mpaka shuka likatoka kila upande na mto ukaanguka. Akavua viatu, akalala pale katikati ya uharibifu wake, anatazama dari.

Ndipo honi ikalia.

Miguu haikumuuliza. Alikuwa ameshasimama, ameshavaa viatu, begi begani, mkono mmoja kwenye kigari na mwingine kwenye kitasa. Miaka kumi na miwili honi ilimaanisha kitu kimoja tu kwake. Alifungua mlango. Koridoni alikuwepo mhudumu na toroli la mashuka, dada mfupi mwenye jina Alma kifuani, ambaye alimtazama begi na kigari.

"Unashuka, mama?" Alma alimuuliza kwa Kiingereza. "Kama ulikuja kumsindikiza mtu, fanya haraka. Tunaondoka sasa hivi."

Domina alilitazama lile toroli. Alijua uzito wake, alijua gurudumu gani hukwama. Alivuta pumzi mpaka mwisho.

"Hapana," alisema. "Sikumsindikiza mtu. Msafiri ni mimi."

Akafunga mlango, akashusha begi, akavua viatu, akakaa kwenye kitanda alichokivuruga. Chini ya soksi zake jozi mbili, sakafu ikaanza kutembea.